Kiasi cha Bunduki: Tarehe ya Ufundi wa Kujijazia Risasi

Wazee wa pwani, walipotaka kulitaja ganda lililokwisha tiwa baruti na kufungwa risasi mdomoni, waliliita kiasi cha bunduki. Na jina hilo, ambalo siku hizi limeachwa, watu wakatosheka kukiita kila kitu risasi, limebeba ndani yake tarehe nzima ya ufundi ninaokusudia kuusimulia hapa, yaani ufundi wa mtu kujitengenezea kwa mkono wake viasi vya bunduki yake ya kuwindia. Kwani tangu mwanadamu alipojifunza kushamiri bunduki, wapenda nguvu wamekuwa wengi na wenye kiasi wamekuwa wachache, na mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia kichakani kwenda kufa polepole ndiye aliyelipa gharama ya upungufu huo.

Mwindaji wa ndovu wa karne ya 19, aliyetoka Bagamoyo au Pangani akafuatana na misafara hata Unyamwezi na kuvuka ziwa la Tanganyika, hakuwa na ganda wala kiwanda. Alikuwa na gobori, na pembe ya baruti, na mfuko wa risasi za mviringo zilizosubiwa katika kalibu, na mdeki. Na kila alipotaka kupiga, alimimina baruti kwa kadiri aliyoizoea, akaizibia kwa kitambaa kuukuu, akashindilia, akatia risasi, akashindilia tena, kisha akaweka fataki, au, kama bunduki yake ilikuwa ya gumegume, akanyunyiza baruti kidogo penye kupokea cheche. Kila mpigaji wa zama zile alikuwa fundi wa kiasi chake, apende asipende, na ujuzi wake ulikuwa wa jicho na wa kiganja. Walakini kasiba ya gobori ilikuwa laini ndani, haina mifuo ya kuizungusha risasi, na kwa hivyo hata Wamakua, ambao sifa yao ya kuwinda ndovu ilienea kote kusini, walilazimika kumnyemelea mnyama mpaka hatua chache tu.

Hapa pana jambo ambalo halifai kupitwa. Mkataba wa Brussels wa 1890, uliofungwa na dola za Ulaya pamoja na nyinginezo kwa ajili ya kuikomesha biashara ya watumwa, ulikataza kuingiza bunduki za mifuo na viasi vyake katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hata ya 22 kusini, ila kwa idhini maalumu ya serikali. Ukaacha, tena kwa masharti, gobori za gumegume zisizo mifuo pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Basi katika miaka ile ile ambayo ufundi huu ulikuwa ukikua mbio ng'ambo ya bahari, mwindaji wa kwetu alifungiwa mlango kwa sheria. Na wale wanaodhani kwamba gobori ilidumu bara kwa sababu ya ujinga wa wenyeji, ingewafaa kuusoma mkataba huo.

Huko ng'ambo mambo yalikuwa yamekwisha geuka. Mnamo 1866, kila mmoja kwa njia yake, Edward Boxer, afisa wa Kiingereza, na Hiram Berdan, Mmarekani, walipata hati za kuvumbua fataki ya kukaa katikati ya kitako cha ganda la shaba. Fataki ya Boxer ina kichuma chake ndani yake yenyewe, na ganda lake lina tundu moja katikati, ilhali ganda la Berdan limefuliwa pamoja na kichuma hicho, na matundu yake, kwa kawaida mawili, yako pembeni. Ajabu ni kwamba Wamarekani waliishika fataki ya Mwingereza, na majeshi ya Ulaya yakaishika ya Mmarekani. Na jambo hilo, ambalo kwa nje ni dogo kama mbegu ya mtama, ndilo lililoamua ufundi huu ungestawi wapi. Ganda la Boxer likishapigwa, sindano moja ya chuma hupitishwa katika lile tundu na fataki kuukuu ikatoka, nalo ganda likawa tayari kutiwa fataki mpya, baruti na risasi, mara kumi na zaidi. Lakini la Berdan huhitaji kung'olewa fataki kwa taabu, na watu wengi hulitupa.

Hivyo katika miaka ya 1870, wawindaji wa nyati wa Marekani, waliokuwa wakiyamaliza makundi yale ya porini kwa pupa isiyo na udhuru, walibeba katika magari yao vipipa vya baruti na vipande vya madini ya risasi, nao usiku penye moto wakajaza tena maganda waliyoyaokota mchana. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha Connecticut kampuni iliyoitwa Ideal, akauza koleo ndogo ya mkononi iliyomwezesha mkulima yeyote kufanya kazi hiyo mezani kwake. Na kabla ya hapo, mnamo Septemba 1874, katika uwanja wa Creedmoor karibu na New York, wapigaji wa Ireland waliokuja na bunduki za Rigby za kushindiliwa kwa mdomo walishindana na Wamarekani waliokuwa na bunduki za kufunguliwa nyuma, katika masafa ya yadi 800, 900 na 1000. Wamarekani wakashinda kwa pointi 934 dhidi ya 931. Tafauti hiyo ya pointi tatu haikuthibitisha kwamba ganda ni bora kuliko mdeki, bali ilithibitisha kwamba mikono yenye kujali, kwa vyombo vya namna mbili, hufika karibu mahali pamoja.

Lakini kwa nini risasi mbili, zilizotoka katika kasiba moja, kwa kiasi kimoja, zisipige tundu moja? Swali hilo lilimshika daktari mmoja wa Milford, Massachusetts, jina lake Franklin Mann, asipate usingizi kwa sehemu kubwa ya umri wake. Na kwa rai yangu hakuna mtu katika tarehe hii anayestahili heshima kumpita. Aliyejipatia mali kwa kuuza mashine ya kusagia mifupa ya kulisha kuku, aliitumia mali hiyo kujijengea uwanja wa kujaribia, akasimamisha nguzo kubwa ya saruji aliyoipa jina la Gibraltar, akailaza kasiba juu yake katika mfuo uliochongwa kwa pembe, ili mkono wa binadamu, jicho lake na pumzi zake zisiwe na sehemu katika majibu. Alitandaza karatasi moja nyuma ya nyingine katika njia ya risasi, apate kuona kwa matundu yake jinsi inavyoyumba angani. Akazidaka risasi nyingine katika unga wa mbao, apate kuzikagua zikiwa nzima. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wangelicheka: akaziharibu risasi kwa makusudi, nyingine ncha, nyingine kitako. Zile zilizoharibiwa ncha zikaenda karibu sawasawa na nzima, na zile zilizoharibiwa kitako, hata kwa kasoro ndogo tu, zikatawanyika vibaya. Watu waliokuwa wamezoea kuipenda risasi kwa uzuri wa ncha yake walipewa ithibati kwamba walikuwa wakitazama upande usio. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909, naye akafariki mwaka 1916, na hata leo fundi anayeipima risasi moja moja usawa wake huifanya kazi ya Mann, amjue asimjue.

Wakati huo baruti yenyewe ilikuwa imekwisha badilika. Mfaransa Paul Vieille alivumbua mnamo 1884 baruti isiyo moshi, na ufundi wa kujijazia ukawa na hatari usiyokuwa nayo kabla. Baruti nyeusi ya zamani ilijaza ganda lote, hata mtu akipima kwa kikombe kosa lake lilikuwa dogo. Hii mpya ina nguvu nyingi katika ujazo mdogo, na aliyeipima kwa kikombe kile kile cha zamani aliweza kuipasua bunduki mbele ya uso wake. Hapo ndipo mizani ilipoingia mezani. Kipimo chake ni punje, na ratili moja ina punje 7000, hata punje moja haifiki sehemu ya kumi ya gramu. Na mafundi wa leo huhesabu sehemu ya kumi ya punje hiyo.

Baruti hiyo ilitujia Afrika na tabia yake nyingine, ambayo walipata kuijua wawindaji wa Kizungu katika nchi za joto: jua likilipasha ganda, mkandamizo wa kodaiti, yaani baruti isiyo moshi ya Waingereza, ndani ya kasiba huzidi, na ganda hunasa lisitoke, mbele ya ndovu aliyekwisha kasirika. Kwa sababu hiyo nyumba ya Rigby ya London, ilipotoa kiasi chake cha .416 mwaka 1911, ililifanya ganda lake kuwa kubwa kupita haja iliyoonekana, ili mkandamizo ubaki chini hata katika jua kali. Naona hapo hekima iliyo kinyume cha tamaa ya wengi, kwani fundi aliyeacha nafasi tupu ndani ya ganda ndiye aliyemfikiria mpigaji.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ufundi ukatoka mikononi mwa wachache. Fred Huntington, katika chumba cha nyuma cha duka la udobi la baba yake mjini Oroville, California, alikuwa akitengeneza tangu 1943 vyombo vya kugeuza maganda matupu ya bunduki ndogo kuwa ngozi za risasi mpya, maana shaba ilikuwa adimu wakati wa vita. Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua kwa serikali baruti ya kijeshi iliyobaki, akaihifadhi katika behewa kuukuu, akaiuza kwa bei ambayo hata maskini aliimudu. Nayo ile ya mizinga, kwa kuwa iliungua polepole, ikafaa mno maganda makubwa yenye risasi nzito za kupiga mbali. Naye John Nosler, alipokuwa akiwinda British Columbia mwaka 1946, alimpiga musi, kulungu mkubwa wa misitu ya baridi, aliyekuwa amejipaka tope mwilini, na risasi zake zikavunjika kabla ya kupenya. Akarudi nyumbani akatengeneza risasi yenye ukuta wa shaba katikati, ili sehemu ya mbele ikisambaa, ya nyuma iendelee ndani. Aliiuza kuanzia 1948. Wengine walitafuta kupiga tundu dogo katika karatasi, na Nosler alitafuta mnyama asiteseke, na mambo haya mawili ndiyo yaliyokutana katika bunduki ya masafa marefu.

Siku hizi fundi huanza na kiasi cha chini kilichoandikwa katika vitabu vya vipimo, akapanda kwa vipande vidogo kama mtu apandaye ngazi, akitazama fataki na kitako cha ganda kama zimetoa dalili ya mkandamizo kuzidi, mpaka aone mahali ambapo risasi zinakaa pamoja ingawa baruti inaongezeka kidogo; kisha akaisogeza risasi ndani au nje ya mdomo wa ganda kwa unene wa unywele, akitafuta umbali wake na mwanzo wa mifuo. Chombo cha kupimia mwendo, ambacho Benjamin Robins wa Uingereza alikianza mwaka 1742 kwa gogo la mbao linaloning'inia, sasa hukaa kando ya meza na kumwambia kila risasi ilivyokwenda. Na mwendo huo si jambo dogo, kwa maana viasi viwili vilivyopishana mita 15 kwa sekunde havitafautishiki katika hatua 100, na katika yadi 1000 hupishana juu na chini takriban dhiraa moja, ambayo ni tafauti ya moyo wa mnyama na tumbo lake. Wengi hudanganywa na risasi tatu zilizogusana siku moja bila upepo, wakaondoka uwanjani na fahari. Lakini tatu hazitoshi kuwa shahidi, na anayetaka kujua lazima apige nyingi zaidi, kwa siku mbalimbali, na katika joto na baridi.

Nami nawasihi wale walio na ruhusa ya kuwinda na uwezo wa kujijazia, wapige kwanza katika uwanja, kwa masafa yale yale wanayokusudia kupiga porini, na wakiona viasi vyao vinatawanyika kuliko upana wa kifua cha mnyama wao, warudi karibu naye, kama walivyofanya wenye gobori.