Pesa za wazee, nyumba za nani?

Vision City ya Gacuriro, jijini Kigali, haikujengwa na tajiri wa kigeni. Imejengwa na mfuko wa pensheni wa Rwanda, RSSB, kupitia kampuni yake tanzu ya Ultimate Developers. Kwa maneno mengine, ni makato ya mishahara ya walimu, wauguzi, makarani na madereva. Awamu ya kwanza, yenye nyumba 504, ilikamilika mwaka 2017, na hata nyumba ya bei ya chini kabisa ilitangazwa kwa zaidi ya dola 100,000 za Marekani. Mwaka huohuo kima cha chini cha pensheni kilikuwa faranga 5,200 kwa mwezi, kama dola sita hivi. Mstaafu wa kima hicho angehitaji miaka zaidi ya elfu moja kuinunua, tena bila kula.

Mfuko wenyewe una umri sawa na taifa. Caisse Sociale ilianzishwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Mfanyakazi alikatwa asilimia 3, mwajiri akaongeza 3, na kiwango hicho kikadumu miaka zaidi ya 60. Mwaka 2010 Caisse iliunganishwa na bima ya afya ya watumishi wa serikali, RAMA, ikazaliwa RSSB. Mfuko wa namna hiyo hauwezi kulaza pesa, na Kigali ni mji ambao ardhi yake inapanda bei kila uchao. Kwa hiyo Caisse iligeuka kuwa mmoja wa wajenzi wakubwa wa jiji.

Lakini wazee wengi wa Kigali hawakuwahi kukatwa hata faranga moja. Waliuza sokoni, walifua, walijenga nyumba za wenzao. Pensheni yao ilikuwa nyumba: vyumba vitatu vinne vya kupangisha uani, kodi ikiingia kila mwezi bila kumsumbua mtoto yeyote.

Hapo ndipo kisa cha Kiyovu kinapouma. Kiyovu ya maskini, kama mji ulivyoiita ili isichanganywe na Kiyovu ya matajiri jirani yake, ilikuwa hatua chache kutoka katikati ya jiji. Mwaka 2008 wakazi walihamishwa kupisha mpango mpya wa mji. Wengi walipelekwa Batsinda, kwenye nyumba zilizojengwa na, naam, Caisse Sociale kwa kushirikiana na Jiji la Kigali. Nyumba zilikuwa imara kuliko za udongo walizoziacha, na hilo lisemwe kwa haki. Ila zilikuwa za familia moja, mbali na soko na mbali na wapangaji. Fidia ilihesabu kuta na mabati. Kodi ya vyumba vya uani, ambayo mama wa miaka 65 aliitegemea kwa chumvi na dawa, haikuwa na safu yake kwenye karatasi. Miaka kumi baadaye mvutano uleule ukarudi Bannyahe, mtaa mwingine wa maskini jijini humo, ambako wakazi walitakiwa kuhamia Busanza.

Kwa wajane, hata haki ya kubaki na nyumba ni ya juzi tu. Kwa mila, mume akifa, mali ilikuwa ya ukoo wake. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, nchi ilijaa wajane, na Januari 1995 baadhi yao waliunda chama chao, AVEGA Agahozo. Sheria namba 22 ya Novemba 1999 ndiyo iliyompa binti urithi sawa na kaka yake, na mke haki katika mali ya ndoa. Usajili wa ardhi ulioanza 2009 ukaandika vipande zaidi ya milioni 10. Aliyeishi na mwanamume miaka 30 bila ndoa ya serikali aliachwa nje ya ulinzi huo, na wanawake wa namna hiyo si wachache.

Sasa mageuzi yamefika. Ejo Heza, iliyozinduliwa Desemba 2018, inamruhusu hata muuza ndizi kujiwekea akiba ya uzeeni, na sehemu yake inaweza kutumika kupata nyumba. Januari 2025 michango ya RSSB ilipanda hadi asilimia 12, na itafika 20 mwaka 2030. Kima cha chini cha pensheni nacho kimepandishwa hadi faranga 33,710.

Watetezi wa RSSB husema mfuko ukigawa nyumba kwa bei ya hasara, pensheni zenyewe zitayumba. Ni kweli. Ila kati ya hasara na dola 100,000 pana nafasi kubwa. Mwanachama anayekatwa maradufu ana haki ya kudai kwamba katika kila mradi mpya wa nyumba wa mfuko wake, sehemu ipangishwe kwa wastaafu kwa kodi ambayo pensheni inaweza kuilipa. Wabunge wa Kigali waanzie hapo.