Mpumzishe DJ Afro kidogo: filamu za kwetu za kutazama nyumbani

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa nyumbani Oldonyiro, kule magharibi mwa Isiolo, ambako mtandao huja na kuondoka upendavyo. Nilikuwa na laptopu, betri ya sola na DVD chache za kuazima. Kwa hiyo leo tuache mambo ya programu. Nataka kuwapa historia fupi ya filamu za makala, yaani zile zenye watu halisi na mambo ya kweli, zilizopigwa kwetu na kwa majirani zetu. Nyingi hamjazisikia.

Kwanza nikiri jambo. Kijana wa Oldonyiro akikwambia twende tukaone filamu, mara nyingi ana maana ya filamu ya mapigano kutoka nje, na juu yake sauti ya DJ Afro akisimulia kwa Kiswahili na Sheng. Watanzania nao walikuwa na Lufufu. Mimi ni shabiki, sikatai. Lakini kumwekea mtu sauti juu ya picha ni mtindo wa zamani sana Afrika Mashariki, na haukuanza kama mchezo.

Turudi 1935. Huko Vugiri, milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walianzisha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa pesa za Shirika la Carnegie la New York. Mpaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35 fupi za kufundisha kilimo, afya, kuweka akiba posta na kadhalika. Walizizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Sasa sikieni upande wa teknolojia. Picha ilikuwa kwenye ukanda wa milimita 16, lakini sauti haikuwa kwenye ukanda huo. Ilikuwa kwenye santuri. Sababu mojawapo ilikuwa gharama, na nyingine ni lugha: picha ni ile ile, unabadilisha santuri tu. Hapa Kiswahili, kule Kikuyu, kwingine Kiganda. Sisi waandishi wa programu tunafanya hivyo hivyo tunapotenga maneno ya programu kwenye faili yake ili itafsiriwe bila kugusa kazi nyingine. Wazo zuri kabisa. Kasoro yake ni moja: yule Mwafrika unayemwona kwenye picha hakuwa na sauti yake. Santuri ndiyo iliyomsemea.

Hali ilianza kubadilika miaka ya 1960, zilipopatikana kamera nyepesi za milimita 16 na rekoda za kubeba begani, zilizoweza kuoanisha picha na sauti bila kufungwa pamoja kwa waya. Ghafla mtu mmoja na kamera na mwingine na maikrofoni wangeweza kukaa bomani na kurekodi mazungumzo yanavyokwenda. Likabaki swali la kumwelewesha mtazamaji wa mbali. Unamwekea msimulizi juu, au unaacha watu waseme na kuandika tafsiri chini ya picha?

Orodha yangu inaanzia hapo.

1. To Live with Herds (1972). David MacDougall na mkewe Judith waliipiga 1968 kwa Wajie wa Karamoja, Uganda, wakati wa kiangazi, serikali ikiwataka wafugaji wabadili maisha yao. Ni miongoni mwa filamu za mwanzo za aina hii kutegemea maandishi ya chini ili wafugaji wasikike kwa lugha yao. Ilipata tuzo Venice 1972. Haina haraka. Usiitazame ukiwa na usingizi.

2. Kenya Boran (1974), ya David MacDougall na James Blue, iliyopigwa karibu na Marsabit. Wazee wafuga ng'ombe, vijana wameenda shule, na kila upande unajiuliza nani alichagua vizuri. Watu wa Isiolo, hii ni hadithi ya nyumba nyingi kwetu mpaka leo.

3. Turkana Conversations. Hizi ni tatu, zote za akina MacDougall, zilizopigwa 1973 na 1974 Turkana: The Wedding Camels (1977), Lorang's Way (1979) na A Wife Among Wives (1981). Mwenye boma ni mzee Lorang, aliyewahi kuwa askari, akaona dunia ya nje, akarudi kufuga. Tofauti na wengi waliomzunguka, haamini kwamba maisha yao yatabaki vile vile. Kama una nafasi ya moja tu, chukua The Wedding Camels: binti wa Lorang anaolewa na rafiki wa baba yake, na wazee wanavutana juu ya mahari. Mwenye papara na asubiri: ni mazungumzo, halafu mazungumzo tena.

4. Scarred: The Anatomy of a Massacre (2015) ya Judy Kibinge, Mkenya. Inahusu mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir, Februari 1984, na waathiriwa wenyewe ndio wanaozungumza. Kwa miaka mingi walisemewa na taarifa za serikali. Ni nzito, msiitazame na watoto.

5. The Battle for Laikipia (2024) ya Daphne Matziaraki na Peter Murimi. Laikipia ni jirani yetu kabisa, na ukame ukizidi ng'ombe wa huku huelekea huko. Wafugaji wa Kisamburu na wenye ranchi Wazungu wanajieleza kila mmoja kwa kinywa chake. Utakasirika, lakini hutajua mara moja umkasirikie nani.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike haya. Jioni moja nilimwekea nyanya mmoja jirani yetu, Mturkana, ile The Wedding Camels. Mimi sijui Kiturkana vizuri, kwa hiyo nilikuwa nasoma Kiingereza cha chini. Yeye hajui kusoma. Wazee walipoanza kuvutana, yeye alicheka, akaguna, akatabiri mahari yanaelekea wapi, wakati mimi bado namalizia sentensi. Akaniuliza, "Mjukuu, unasoma nini? Si uwasikilize?" Mjukuu wake wa damu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa ananitegea mimi nimtafsirie. Kulikuwa na maneno ya rangi na umri wa mifugo ambayo hajawahi kuyasikia. Nyanya alisimamisha filamu mara nyingi kumweleza.

Maandishi ya chini ni muhtasari tu, maana mtu husema haraka kuliko tunavyosoma. Na kwetu yako kwa Kiingereza. Filamu hizi zina miaka hamsini sasa. Ukanda umehifadhiwa vizuri kwenye maktaba za Ulaya na Marekani, lakini wanaoweza kuusikiliza kama nyanya yule wanapungua kila mwaka, na hakuna maktaba inayowahifadhi.

Kwa hiyo nimeanza kazi. Faili ya srt ni maandishi matupu: nambari, muda wa kuanza na kuisha, kisha maneno. Filamu nzima haifiki uzito wa picha moja ya simu, na faili hukaa kando ya filamu bila kuigusa, kama zile santuri za Vugiri. Safari hii lakini mwenye sauti anaendelea kusema. Nyanya anasikiliza, mjukuu anauliza, mimi naandika Kiswahili. Jioni nne zimetupa dakika kumi na nane tu.

Kuzipata: aliye chuo kikuu aulize maktaba yake, hasa kwa zile za zamani. Mkiipata moja, msiitazame peke yenu. Mwite mzee anayejua lugha, weka chai, na uwe na kalamu karibu.