Mtafiti wa sauti na webu semantiki: hiyo ni kazi gani?

Mwenda Jean Bosco, Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke: mtu wa Katanga anajua kwamba huyo ni mtu mmoja tu, yule fundi wa gita ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, akipiga wimbo «Masanga». Kompyuta haijui. Kwake hayo ni majina ya watu watatu, na Jadotville haina uhusiano wowote na Likasi. Vilevile anayetafuta habari za Bukavu hatapata kanda ya zamani iliyoandikwa Costermansville, hata kama iko ndani ya mashine ileile.

Kuna watu ambao vyuo vikuu vinawalipa mshahara ili watatue shida hiyo. Wanaitwa watafiti wa teknolojia ya sauti na webu semantiki. Jina ni refu na linaogopesha, lakini kazi yenyewe inaeleweka, na sisi watu wa redio inatugusa kabisa.

Tuanze na sauti. Sahani ya CD inabeba namba 44,100 kwa kila sekunde katika kila chaneli ya sauti, na kompyuta haioni kitu kingine ila hizo namba. Mtafiti anaandika programu inayozipima ili kujua mwendo wa ngoma ni wa kasi gani, gita linapiga noti ipi, mahali gani mtu anaacha kuimba na kuanza kusema. Katika chuo kikuu cha Queen Mary, London, kuna kituo kinachoitwa Centre for Digital Music, ambacho kilitoa programu ya Sonic Visualiser. Ni ya bure. Ukiifungua na wimbo wako unaona sauti imechorwa kama milima na mabonde, na unaweza kuandika juu yake.

Upande wa pili ni maana. Tim Berners-Lee, yule aliyebuni webu, alieleza pamoja na wenzake mwaka 2001 wazo la webu ambayo mashine nazo zinaweza kuielewa. Njia yake ni rahisi kuliko jina lake. Kila mtu, kila mji, kila wimbo unapewa anwani yake moja, sawa na namba ya kitambulisho, na majina yote ya zamani na ya sasa yanafungwa kwenye anwani hiyo. Halafu habari zinaandikwa kwa sentensi fupi sana za vipande vitatu: Mwenda, alipiga, «Masanga». «Masanga», ilirekodiwa, Likasi. Likasi, iko, Katanga ya Juu. Mashine ikiunganisha sentensi hizo, inaweza kujibu mtu anayeomba nyimbo zilizorekodiwa Katanga ya Juu, ingawa hakuna aliyewahi kuandika jibu hilo mahali popote. Watu wa Queen Mary, akiwemo Yves Raimond, walitengeneza msamiati maalumu wa sentensi hizo kwa ajili ya muziki, unaoitwa Music Ontology.

Raimond baadaye alienda BBC, na hapo kazi ikaingia redioni. Idhaa ya dunia ya BBC ilikuwa na makumi ya maelfu ya vipindi vya Kiingereza vya miaka mingi, vingi bila maelezo ya kutosha. Kuajiri watu wasikilize vyote ingekula muda na pesa nyingi. Basi mashine ikasikiliza, ikaandika maneno, ikakisia kila kipindi kinahusu nini. Ilikosea sana. Baada ya hapo wasikilizaji wenyewe walialikwa kusahihisha: hapa mada si hii, sauti hii ni ya fulani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, maana msikilizaji mzee anajua sauti ambazo mashine haitazijua kamwe.

Kwetu kazi ina ugumu zaidi. Mashine inayoandika maneno hujifunza kwa kusikia saa nyingi za lugha. Iliyofundishwa Kiswahili cha Dar es Salaam inapotea ikisikia Kiswahili cha Goma, pamoja na Kifaransa tunachochanganya humo. Muziki pia una shida yake. Programu nyingi zimezoea noti 12 za piano, lakini likembe na marimba nyingi hazifuati piano. Watafiti wa Ghent, Ubelgiji, Joren Six na Olmo Cornelis, walitengeneza programu ya Tarsos ambayo inapima noti jinsi zilivyo bila kuzilazimisha. Waliitumia kwenye kanda za makumbusho ya Tervuren, ambako nyimbo nyingi za Kongo zimehifadhiwa, nyingine tangu wakati wa kurekodi kwenye mitungi ya nta.

Katika makusanyo mengi ya wakati wa ukoloni, jina la mzungu aliyeshika mashine linajulikana kuliko la mama aliyeimba. Hapo hakuna programu inayosaidia: jina ambalo halikuandikwa, kompyuta hailizui.

Anayetaka kazi hii kwa kawaida anaombwa doktora, au awe karibu kuimaliza, ajue hesabu za sauti na kuandika programu. Mara nyingi mkataba ni wa miaka michache, kufuatana na pesa za mradi. Pesa zikiisha, mtafiti anahama.

Lakini sehemu moja haiombi diploma. Ukirekodi mahojiano leo, usiache faili linaitwa «audio 17». Andika nani anasema, wapi, tarehe gani, kwa lugha gani. Na kama kijiji kina majina mawili, andika yote mawili.