Kabla ya Nyekundu, Kwangua

Wasee, ndiyo, nilipaka rangi kalipa za Probox ya anko. Kalipa ni kile chuma kinachobana diski ya breki, si kukalipiwa na mathe ukichelewa kurudi. Mara ya kwanza nilipuliza nyekundu baada ya kuosha tu. Wiki tatu, ikaanza kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu bandarini, aliinama akaangalia. "Ulikwangua?" Nikasema niliosha. "Sikuuliza kama uliosha, nyathina."

Hilo swali liko hapa tangu Kisumu haijakuwa mji. Mwaka 1900, SS William Mackinnon ilishushwa kwenye ziwa letu. Ilitengenezwa Scotland, ikaletwa Mombasa vipande vipande. Reli ilifika hapa Desemba 1901, kwa hivyo sehemu ya safari chuma kilibebwa na watu, kwa miguu. Uchungu wote huo, halafu adui anayekungoja ziwani ni kutu! Ndiyo maana bandari yetu ina gudi: meli inaingia, maji yanatolewa, watu wanakwangua tumbo lake mpaka chuma kionekane, na kama kuna bati limeoza wanaliona hapo. Rangi huja mwisho.

Barabarani tulijifunza kinyume. Mwaka 2004, sheria za Waziri John Michuki zilifuta michoro kwenye matatu na kuleta mstari wa njano. Zilidai pia mikanda na vidhibiti mwendo, lakini uliza mtu yeyote anakumbuka nini. Mstari. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaruhusu michoro irudi, na tukaanza tena kubishana kuhusu rangi. Breki haionekani, nani aibishanie?

Breki za diski zenyewe ni za kitambo. Frederick Lanchester alizisajili Uingereza mwaka 1902, lakini sifa zilikuja 1953, Jaguar iliposhinda Le Mans nazo. Nyekundu ikawa alama ya magari ya mbio, Brembo ya Italia na wenzake. Probox nyuma ina madramu tu, na manze, kuna watu wanapaka hata hizo dramu.

Basi nikarudia. Jeki, stendi chini ya gari (jeki peke yake itakuua), gurudumu nje. Nikalowesha vumbi nisilivute, nikashika brashi ya waya, msasa, na dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kikatoka safi. Nilipokuwa nafunika mipira na diski kwa tepu, ndipo nikaiona pedi. Ilikuwa nyembamba kama laini ya simu. Anko hushuka Riat kila siku na watu ndani. Mara ya kwanza nilikuwa nimeipita hiyo pedi na kopo la nyekundu mkononi.

Nikampigia, nikamwambia leo gari haitoki. Alinifokea vibaya, mpaka nilipompelekea pedi mkononi. Akanyamaza, akaita fundi.

Fundi aliweka pedi mpya pande zote mbili. Mimi nikaweka rangi ya kustahimili joto, tabaka tatu nyembamba, kila moja ikikauka kwanza. Sasa ni miezi minane. Jana mzee alipita, akakwaruza kalipa kwa ukucha, akaangalia ukucha wake, akaenda zake.