Sharubati na Jamaa Zake: Maneno ya Vinywaji Vitamu Kutoka Pwani Hadi Eldoret

Mji wa Eldoret umekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Ingawa mstari wa Ikweta hauko mbali nao, joto lake silo lile la Mombasa wala la Lamu, na mwenyeji wake akishikwa na kiu adhuhuri ya Januari aghalabu hutaka chai au maziwa kabla ya kutaka kitu kilichotiwa barafu. Basi yaweza kuulizwa: msamiati wa vinywaji vitamu vya nchi za joto unahusu nini huko? Unahusu sana, kwa kuwa Eldoret ni miongoni mwa miji ambamo maneno mengi ya aina hiyo yalitangulia vitu vyenyewe, na neno likitangulia kitu, maana yake huwa na uhuru wa kupotoka.

Inafaa kuanzia pwani. Mizozo ya zamani kuhusu asili ya Kiswahili iliwafanya watu wengi kuhesabu maneno ya kigeni kama mtu ahesabuvyo madeni. Msamiati wa utamu unaonyesha jinsi hesabu hiyo isivyofaa kitu. Kile kiotacho nchini kina jina la kienyeji, hata pale ambapo mgeni alikuwa na jina lake. Nazi ndiyo shahidi mkubwa: Mswahili anatofautisha kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, kila hatua kwa jina lake, na dafu ndilo lenye maji ya kunywewa. Lugha haipati ngazi kama hizo kwa kuazima. Inazipata kwa watu kupanda mnazi kila siku. Ukwaju nao ni hivyo hivyo. Waarabu waliuita tende ya Hindi, na jina hilo ndilo lililofika Ulaya, ingawa mti wenyewe asili yake ni Afrika. Mswahili, aliyeazima mengi kwa Mwarabu, hapa hakuazima. Mkwaju ulikuwa wake, na maji ya ukwaju yaliyotiwa sukari yakabaki na jina lake la kale. Ubuyu, muwa na tangawizi vyaweza kufuatwa kwa njia iyo hiyo, isipokuwa tangawizi, ambayo jina lake lilikuja na biashara.

Lakini kile kilichohitaji sukari nyeupe, ufundi wa jikoni au baridi ya kutengenezwa kilikuja na jina lake. Sukari yenyewe ilitoka katika Kisanskriti, ikapita Uajemi, ikachukua sura ya Kiarabu, na ndipo ikatufikia. Ile sauti ya s mwanzoni badala ya sh ya Kiajemi ndiyo alama ya mkono wa Mwarabu. Barafu ni ya Kiajemi pia, na irabu zilizoingizwa katikati na mwishoni ni kazi ya Kiswahili, ambacho hakivumilii konsonanti mbili za jinsi ile kukaa bila kutenganishwa. Faluda ni mfano mzuri zaidi. Waajemi walitamka neno hilo kwa p. Waarabu, wasio na p, wakalitia f, na f hiyo ndiyo iliyosikika Bara Hindi na Mombasa. Kwa Wahindi faluda ni kinywaji cha maziwa chenye tambi na mbegu. Kwa Mswahili wa Mombasa ni maziwa yaliyogandishwa kwa utomvu wa mwani, yakatiwa iliki na kukatwa vipande. Kwa hiyo jina lilisafiri na kitu kikabadilika njiani, jambo ambalo mtafutaji wa asili za maneno husahau mara kwa mara.

Ama sharubati, ambayo wengine huitamka sharbati, mzizi wake ni ule wa Kiarabu wenye maana ya kunywa, ambao umetupa pia sharabu. Asili yake ni kinywaji cha sukari kilichotiwa ladha ya tunda au marashi ya waridi, si maji ya tunda lililokamuliwa tu. Kwa hayo ya pili watu wa pwani husema maji ya ndimu, maji ya machungwa, na hawaoni upungufu wowote.

Bara lilifikiwa kwa reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ukifanywa na maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi. Eldoret ilikuwa nje ya njia hiyo. Makaburu waliohamia uwandani mwaka 1908 walipanda kutoka Nakuru kwa magari ya ng'ombe, na mji ulioanza kama posta kwenye shamba namba 64 ulijulikana kwa namba hiyo, ambayo wenyeji waliitamka Sisibo, hata ulipopewa jina la Eldoret mwaka 1912. Reli ilifika mwaka 1924. Hapo ndipo bidhaa za pwani zilipopata njia nyepesi, lakini si zote. Halua, iliyopikwa kwa wanga, samli, zafarani na iliki, huvumilia safari ndefu. Tende, kashata na ukwaju mkavu pia. Dafu halivumilii, na faluda hufa siku ya pili. Upungufu huu wa usafirishaji ndio ulioamua, kuliko mapenzi ya mtu yeyote, ni maneno gani yatakayokuwa na mwili huko juu na ni yapi yatakayobaki vitabuni.

Sukari ilikuwa na njia nyingine. Kiwanda cha Miwani karibu na Kisumu kilianza katika miaka ya 1920, na jina la mahali hapo, muwa kwa wingi pamoja na kiambishi cha mahali, ni Kiswahili safi katika nchi ya Wajaluo. (Anayedhani kuna miwani za macho huko asicheke, homonimu zimewahadaa wataalamu pia.) Pamoja nayo kulikuwa na sukari guru, neno ambalo nusu yake ni ya Kihindi na lote ni marudio, kwani guru tayari ni sukari.

Wenyeji wa uwanda hawakuwa wakingoja utamu wa pwani. Wakalenjin walikuwa na mursik, maziwa yaliyochachishwa ndani ya kibuyu kilichopakwa masizi ya mti maalumu, ambayo hadi leo hupewa wanariadha warudipo na ushindi. Kiswahili cha bara nacho kikazaa neno lake: maziwa lala yakafupishwa kuwa mala, na mala ikachapishwa kwenye pakiti. Hakuna kamati iliyoliunda.

Hapa ndipo penye shida. Baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani, na mtoto wa Eldoret akafundishwa kwamba juisi ni kosa na sharubati ndiyo sahihi. Huyo ni mtoto ambaye amesikia mkwaju wa penalti redioni kabla ya kuonja ukwaju, na ambaye barafu kwake huja kwanza kama mvua ya mawe. Neno sharubati analikariri bila kitu, na kitu anacho bila neno: maembe yanayopanda kutoka bonde la Kerio, ambako kuna joto la kweli, hukamuliwa mjini na kuitwa juisi na kila mtu. Kumsahihisha kwa sharubati ni kumfukuza neno moja la kuazima kwa fimbo ya jingine, tena lenye maana isiyolingana. Juisi iandikwe kamusini kwa maana ya maji ya tunda, na sharubati irudishiwe sukari yake na waridi lake. Mwalimu apendaye usafi wa lugha anayo maji ya maembe.