Mantiki Ilikuwa Mombasa Kitambo

Nianze kwa kukiri: mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sayansi ya kompyuta. Karo ni sababu moja, lakini ile nyingine huwa siitaji. Mantiki na mbinu za utafiti zilinishinda. Niliona ni mambo ya P na Q ya watu wa mbali, hayamhusu mtoto wa Waa.

Juzi binti ya ami, anayesoma masta Nairobi, akanipigia. Semina yao inataka kila mtu alete kisa cha kweli kinachoonyesha dhana ikipimwa mpaka ivunjike. "Wewe ndiye wa historia, hebu nitafutie."

Nikatafuta. Jamani, kisa kiko Mombasa! Vuka feri tu.

Aprili 1942, ndege za Japani zilishambulia Colombo. Waingereza wakahamishia manowari zao Kilindini, na wale wavunja misimbo wao wakaja nao. Waliwekwa wapi? Shule ya Allidina Visram. Ndiyo, hiyo hiyo. Kazi yao ilikuwa moja na ya Bletchley Park kule Uingereza, alikokuwa Alan Turing, yule aliyethibitisha mwaka 1936 kwamba kuna maswali ambayo hakuna mashine itakayoyamaliza. Turing ana filamu. Allidina je?

Sasa sikiza hapa. Kulikuwa na msimbo wa meli za biashara za Japani, ukiitwa JN-40. Wataalamu waliamini umejengwa kama ule mkubwa wa jeshi la majini, JN-25: unachukua neno, unalipa namba, halafu unajumlisha namba nyingine juu yake ili kuficha. Dhana nzuri, ina mantiki. Tatizo ni kwamba haikuwa kweli. Unaweza kupiga hesabu sahihi mwaka mzima juu ya dhana mbovu, na hutafika popote.

Septemba 1942, Wajapani wakafanya kosa la kizembe, na wawili pale Mombasa, John MacInnes na Brian Townend, wakalidaka. Wakaiacha dhana ya zamani. Kumbe hakukuwa na kujumlisha kokote: maandishi yalibadilishwa kuwa tarakimu mbili mbili kutoka jedwali la makundi 100, kisha tarakimu zikavurugwa mpangilio kwa safu. Basi. Kufikia Novemba walikuwa wanasoma ujumbe wote wa nyuma, na mpya ukiingia wanaufungua. Meli zilizobeba wanajeshi zikawa zinaonekana. Wiki mbili zilizofuata wakavunja misimbo mingine miwili.

Mimi hapo ndipo nilipokasirika, kusema kweli. Darasani nilikaririshwa maana ya "dhana" mistari minne, nikaandika, nikaanguka. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna watu waliokwama na dhana yao hapo ng'ambo ya Likoni, na maisha ya watu baharini yakingoja waikubali kuwa mbovu. Ningebaki? Karo ingekuwa ile ile. Lakini nisingejiona mjinga.

Binti ya ami amekipeleka kisa semina. Ameniuliza swali moja tu: majina yote ni ya Wazungu, na wapishi, mabaharia, makarani wa Mombasa wa wakati huo? Kwa hivyo leo jioni, ukiwa Ng'ombeni, Tiwi, popote, muulize nyanya yako kama babake aliwahi kufanya kazi Mombasa mwaka 1942. Akisema ndiyo, niandikie.