Saruji ya Bugarama
Kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilianzishwa mwaka 1984 huko Bugarama, wilayani kwetu Rusizi, kwa msaada wa China. Kwangu ilikuwa tarehe ya mtihani tu, mpaka somo la sanaa lilipotutaka tufinyange mtumbwi wa Ziwa Kivu kwa zege. Tulitengeneza kalibu ya mbao, tukachanganya saruji, mchanga na maji, tukamwaga. Mafuta tulisahau kupaka! Zege likashikana na mbao. Tulipobandua, omo ikakatika. Niliupeleka nyumbani hivyo hivyo. Baba, aliyepakia mifuko kiwandani miaka mingi, akapapasa palipokatika. Katika maandishi niliyosoma nimekuta mitambo na wawekezaji, wapakiaji sijawakuta. Ndiyo maana jioni ile nilichukua daftari, nikamwuliza mfuko wa kwanza aliupakia lini.